Upawa wa Sitini na Moja

Haya, sogeeni. Sufuria iko jikoni?

"Iko."

Ina nini ndani?

"Ina hadithi."

Nani aonje kwanza?

"Onja wewe."

Nimeonja. Ni chungu. Mtakula?

"Tutakula."

Msije mkasema sikuwaambia.

Hapo zamani wanyama walikuwa na shule ukingoni mwa mto. Msiniulize walisoma nini. Walisoma hayo hayo mnayosoma ninyi, na waliyasahau kama mnavyoyasahau ninyi. Shule ilikuwa na watoto sitini na mmoja na mpishi mmoja, Sange. Sange mnamjua, yule mdogo mwenye pua ndefu. Akikimbia kwenye majani humwoni yeye, unaona majani tu yakitikisika. Basi huyu alikuwa mjane, na alikuwa na mtoto mmoja wa kike. Wanne wa mwanzo alikuwa amewazika. Wa tano alipozaliwa akampa jina Siwatu, kusudi kifo kikipita kisikie kwamba humo ndani hakuna mtu wa maana, kiende zake. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwita Sange kwa jina lake. Wakubwa kwa wadogo walimwita Mama Siwatu.

Kila mzazi alileta mahindi, yakawekwa ghalani, yakasagwa, yakapikwa uji. Mwaka wa kwanza ufunguo wa ghala alishika Nyani. Mwisho wa mwaka ghala lilikuwa tupu, na Nyani alikuwa amenenepa hadi tawi likamvunjikia. Wazazi wakakasirika. Wakakaa kikao siku tatu, wakaandika kanuni kwenye kitabu kikubwa chenye jalada jeusi. Kila asubuhi watoto waitwe majina na waandikwe. Jina moja, upawa mmoja wa uji, usizidi, usipungue. Na mtoto yeyote asile kabla mwonjaji hajauonja uji, kinywa kimoja, akatia sahihi. Maana walisema, ikiwa uji una sumu, afe mkubwa, wasife watoto.

Kanuni nzuri hizo, mimi sina neno nazo. Lakini niulizeni nani alichaguliwa kuonja.

"Nani?"

Kiboko.

Alijitolea mwenyewe. Alisimama kikaoni, maji yanamchuruzika, akasema, "Mwili wangu huu mnauona. Sumu ikiniingia itatangatanga siku nzima kabla haijaufikia moyo. Niacheni niwafie watoto." Wazazi wengine wakatokwa na machozi. Swala alimshukuru mara mbili.

Kesho yake uji ukaiva, ukapoa. Kiboko akatoka mtoni, tii, tii, tii, majivu yakaruka jikoni. Akafungua kinywa. Jamani, mmewahi kukiona kinywa cha kiboko? Unaweza kutia dawati humo, na mwalimu wake. Akakitumbukiza ndani ya sufuria, fyooo, fyooo, fyooo. Kinywa hakikutoka katikati, kwa hiyo ni kimoja. Akainua kichwa, akajilamba.

"Uji mzuri," akasema. "Andika."

Mama Siwatu akaandika: Kiboko kaonja. Kinywa kimoja. Uji mzuri.

Kiboko akakanyaga tope, akakanyaga ukurasa, pa. Hiyo ndiyo sahihi yake. Akarudi zake mtoni, tii, tii, tii, chubwi.

Watoto wakapanga foleni na vikombe vyao. Mama Siwatu akachota, na upawa ukagonga chini ya sufuria, kwa, kwa, kwa.

Ikawa hivyo kila siku. Tii, tii, tii. Fyooo, fyooo, fyooo. Andika. Pa. Chubwi. Kisha upawa, kwa, kwa, kwa.

Mama Siwatu aliwaendea wazazi. Wakainamia kwato zao. Ngiri akasema, "Kanuni inasema kinywa kimoja, Mama Siwatu. Haikusema kinywa cha nani." Ngiri alikuwa anakunywa maji ya mto huo huo anamoishi Kiboko, mnaelewa.

Akamngoja Korongo. Korongo ndiye aliyekuwa mkaguzi, alikuja kila mwisho wa mwezi kutoka mbali, msafi, mpole, hachukui hata punje ya mtu. Alisimama kwa mguu mmoja, akasoma kitabu ukurasa kwa ukurasa kwa ncha ya mdomo wake.

"Safi," akasema. "Majina yapo. Sahihi zipo. Sijaona shule yenye kitabu safi kama hiki."

"Bwana Mkaguzi," akasema Mama Siwatu, "hebu uangalie na sufuria."

"Mama Siwatu, mimi sikagui sufuria. Nakagua kitabu. Kitabuni pana kosa?"

"Hapana."

"Basi tushukuru."

Akaruka, pu, pu, pu, akaenda zake.

Mwaka ule ulikuwa wa ukame. Hata panzi walikuwa wamehama, na nyumbani kwa Mama Siwatu hapakuwa na kitu cha kutia mdomoni ila ule uji wa shule. Na orodha ya watoto ilipangwa kwa kimo. Kwa hiyo Siwatu alikuwa wa mwisho, jina la sitini na moja, na foleni ilipomfikia upawa ulikuwa umeshachoka kugonga. Alipewa sufuria akwangue kwa kucha.

Kuna mmoja hapo nyuma anasema kimoyomoyo, si mama ndiye mpishi, si amwanzie mwanawe? Alimwanzia. Siku moja aliita foleni kutoka nyuma. Siwatu akapata upawa mzima. Uji ulipokwisha akafika mtoto wa Digidigi, akasimama na kikombe kitupu, akamtazama Mama Siwatu. Mama Siwatu hakurudia tena.

"Mama," Siwatu alimuuliza siku moja, "leo Kiboko ameonja sana?"

"Ameonja kinywa kimoja."

"Na mimi nikikua nitakuwa mwonjaji."

Mama yake akajifanya moshi umemwingia machoni.

Asubuhi alipoita majina, Siwatu alikuwa anaitika "Nipo" kwa sauti hadi wenzake wanaziba masikio. Mwezi ukapita, akawa anaitika kwa kunong'ona. Mwezi wa pili ukapita, akawa anaitika amekaa. Mama yake aliandika "Yupo" kila siku, na kila siku alikaa akilitazama lile neno mpaka wino ukauke. Aliogopa. Wanne aliowazika wote walianza hivyo hivyo, kwa kuitika wamekaa.

Sasa sikieni. Kitabu kile cha jalada jeusi kilikuwa na kurasa mbili zilizogandana. Uji ulimwagikia pale kitabu kikiwa bado kipya, ukakauka, hakuna aliyejisumbua. Mama Siwatu, kwa kukosa la kufanya, akaziweka kurasa zile juu ya mvuke wa sufuria. Zikalainika, zikaachana. Akasoma. Akasoma mara ya pili. Akakaa chini.

Siku iliyofuata Kiboko alipokwisha kuonja, Mama Siwatu akafunga kitabu kwa kishindo.

"Una nini leo?" Kiboko akauliza.

"Nimeudhika kwa ajili yako, Bwana Kiboko. Huko shule ya ng'ambo mwonjaji wao ni Tembo. Kitabu chao kinasema Tembo kaonja pawa ishirini. Chetu kinasema kinywa kimoja, basi. Watu wanauliza, hicho kinywa kimoja cha Kiboko ni upawa mmoja, au ni nusu?"

Kiboko akacheka hadi maji ya mto yakatingishika. "Ishirini? Na wanamsifu? Nipime mimi."

"Nikikupima peke yangu watasema nimekuongezea. Tupime mbele ya mkaguzi, aandike kwa mkono wake. Anakuja keshokutwa."

"Basi mimi sili kitu mpaka keshokutwa," akasema Kiboko. "Isipokuwa hapa, kuonja."

Keshokutwa ikafika. Korongo akasimama kwa mguu mmoja. Uwanja ulikuwa mweupe kwa jua, hauna hata mti mmoja, maana miti yote ilikatwa kuni za kupikia uji. Kiboko akaachama. Mama Siwatu akapanda juu ya jiwe, akawa anachota na kummiminia, na watoto wanahesabu.

"Moja. Mbili. Tatu."

Walihesabu kwa furaha mwanzoni. Walipofika ishirini, furaha ilipungua. Walipofika thelathini walikuwa wanahesabu huku wanameza mate. Kiboko akafumba kinywa.

"Arobaini na nane," akasema Korongo, na yeye mwenyewe alistaajabu. Akaandika: Kiboko kaonja pawa arobaini na nane. Kiboko akakanyaga, pa, akageuka kwenda mtoni.

"Bwana Mkaguzi," akasema Mama Siwatu, "naomba unisomee ukurasa huu. Macho yangu yameharibika na moshi."

Korongo akasoma kwa sauti, kama anavyosoma vyote. "Mwonjaji akishatia sahihi, akae uwanjani mbele ya watoto, robo saa kwa kila upawa alioonja, ili sumu ikiwemo ionekane kwake kwanza. Akiondoka kabla ya muda, si mwonjaji tena, wala hatachaguliwa tena."

Akapiga hesabu mchangani kwa mdomo. "Saa kumi na mbili. Sasa ni saa nne asubuhi. Bwana Kiboko, tafadhali, kaa."

Kiboko akakaa. Angefanyaje, na sahihi yake haijakauka?

Saa tano akauliza, "Bado?" Watoto wakajibu, "Bado." Saa sita akauliza, "Bado?" Wakajibu, "Bado." Ngozi ikaanza kupasuka, ta, ta, ta. Jasho jekundu likamtoka.

"Nihesabuni upya," akasema. "Pengine zilikuwa kumi tu."

"Umetia sahihi," akasema Korongo kwa upole.

Saa saba akauliza, "Bado?" Wakajibu, "Bado." Saa nane hakuuliza. Aliinuka akakimbia, tii tii tii tii, akaangusha uzio, chubwi, akazama asionekane hata masikio. Korongo akaandika: Si mwonjaji tena.

Watoto wakapiga vigelegele. Wakambeba Mama Siwatu juu juu, na hakuwa mzito. Naona nanyi mnacheka. Haya, anayetaka kwenda nyumbani na furaha yake aondoke sasa hivi, maana mimi naendelea.

Chini ya sufuria zilikuwa zimebaki pawa kumi na tatu. Mama Siwatu akashika upawa.

"Hapana," akasema Korongo. "Mwonjaji hakumaliza muda wake. Uji huu haukuthibitika. Umwagwe."

Ukamwagwa. Ardhi iliunywa mara moja, nayo ilikuwa na njaa yake.

Siwatu alikuwa ameegemea ukuta wa jiko, kikombe chake amekifunika kichwani kujikinga jua. Alikuwa anatabasamu. "Tumemshinda, mama?"

"Tumemshinda."

"Kesho nitapata?"

"Kesho utapata. Upawa mzima."

Kesho yake sufuria ilijaa hadi ukingoni. Mama Siwatu alikuwa hajawahi kuiona imejaa namna ile wakati wa kugawa. Korongo, ambaye alilala hapo hapo shuleni kusudi amalize shughuli, akaja na kitabu.

"Nani ameonja?"

"Bado hakuna."

"Basi hakuna kula."

"Nitaonja mimi."

"Mpishi haonji alichopika mwenyewe. Ukurasa wa tatu."

"Aonje Kobe, yule pale, amekuja kumleta mjukuu wake."

"Mwonjaji huchaguliwa na kikao cha wazazi. Kikao hutangazwa siku saba kabla. Ukurasa wa nne."

"Bwana Mkaguzi, watazame."

Korongo aliwatazama. Msidhani hakuwa na moyo. Manyoya ya shingo yalimlala. "Mama Siwatu," akasema, "nikikuruhusu wewe leo kwa sababu una haki, kesho nitamruhusu Nyani kwa sababu ana maneno. Ndipo ghala lilipoishia mara ya kwanza." Na hilo Mama Siwatu alijua ni kweli. Korongo akafunga ghala, akatangaza kikao, akaruka, pu, pu, pu.

Siku saba. Uji hakuna, lakini majina yaliitwa, maana kanuni ya majina haikusimama.

Siku ya kwanza Siwatu akasema, "Nipo." Siku ya pili akasema, "Nipo," na mama yake peke yake ndiye aliyesikia. Siku ya tatu akainua kidole. Siku ya nne mama yake alimwinulia. Siku ya tano Mama Siwatu aliita jina la sitini na moja, akangoja. Akaita tena. Watoto wakatazama chini. Akaandika: Hayupo.

Wakamzika nyuma ya jiko, na kikombe chake.

Hila ilikuwa nzuri. Kila mtu alimwambia hivyo alipokuja kumpa pole: Mama Siwatu, hila yako ilikuwa nzuri, yule fedhuli umemkomesha. Yeye alikaa mlangoni akiwaza jambo moja tu. Angenyamaza, angemwacha Kiboko aonje, upawa ungeendelea kugonga chini ya sufuria, kwa, kwa, kwa, na mwanawe angeendelea kukwangua. Angekuwa anakwangua hadi leo.

Siku ya saba kikao kikakaa, Kobe akachaguliwa, ghala likafunguliwa. Asubuhi iliyofuata Mama Siwatu akafungua kitabu, akaita majina. Mmoja, mwingine, mwingine, wote wakaitika, hadi wa sitini. Hapo mdomo ukaendelea wenyewe, kwa mazoea.

"Siwatu."

Watoto wakatazamana. Kisha mtoto wa Digidigi, yule yule aliyewahi kusimama na kikombe kitupu, akasema, "Yupo."

Mama Siwatu akamtazama. Akaandika: Yupo. Akapima mahindi ya majina sitini na moja, akapika. Kobe akaonja kinywa kimoja, tone tu, likahesabiwa upawa, akakaa uwanjani robo saa, na robo saa kwa Kobe si kitu, ikaisha bado anatafuta pa kukaa. Watoto wakala, kila mmoja upawa mzima. Ule wa sitini na moja Mama Siwatu akampa aliyekuwa amekonda kuliko wote.

Ikawa hivyo kila siku. "Siwatu." Watoto wote, "Yupo." Upawa wa mwisho, kwa aliyekonda. Watoto wakaanza kunenepa mashavu. Mama Siwatu aliwatazama wakila, na hakuna siku iliyomuuma kidogo kuliko nyingine.

Mwisho wa mwezi Korongo akaja. Akahesabu majina. Akahesabu watoto kwenye foleni. Akahesabu tena. Mguu uliokunjwa ukashuka chini.

"Hapa pana kosa," akasema. "Kosa la kwanza tangu nianze kukagua shule hii."

Mama Siwatu akafuta mikono. "Bwana Mkaguzi, Kiboko alikuwa anakula pawa arobaini na nane kila siku, na watoto wanakwangua. Hilo halikuwa kosa?"

Korongo akafikiri, maana alikuwa mtu wa haki. "Kwa Kiboko iliandikwa kinywa kimoja, na kweli kilikuwa kinywa kimoja. Wewe umeandika yupo, na hayupo."

Akakata jina la Siwatu kwa mstari ulionyooka. Kisha akaandika kwenye ukurasa mpya, taratibu, kwa mwandiko wake mzuri: Mpishi, Mama Siwatu, ameachishwa kazi kwa kuandika jina la mtoto asiyekuwepo.

"Tia sahihi hapa," akasema.

Mama Siwatu akausoma mstari ule. Akaurudia. Akaweka kidole chake kidogo juu ya neno moja. "Na wewe umeliandika," akasema.

"Nimeandika nini?"

"Basi tu." Akatia sahihi, akatundika upawa kwenye msumari, akaenda. Majani yakatikisika kidogo, yakatulia.

Mwisho wa mwaka Kiboko alipewa cheti, kwa kuwa katika siku zake kitabu hakikupatikana na kosa lolote. Alikitundika kwenye matete. Shuleni wanapika pawa sitini, wala hazizidi. Na kitabu kile kipo mpaka leo. Jina la Siwatu limekatwa kwenye orodha, limebaki kwenye ukurasa wa kumfukuza mama yake.

Funzo? Mnataka funzo. Haya, funzo ni hili: Kiboko alikuwa mwaminifu, na Sange alikuwa mwongo, imeandikwa. Basi wanangu, mkikua, muwe kama Kiboko.

Sufuria imekwisha?

"Imekwisha."

Mmeshiba?

Mbona hamjibu. Haya, inukeni mwende, lakini kwanza niwaite majina. Na nikifika mwisho, nikimtaja yule ambaye hayumo humu, mnajua la kuitika.

"Yupo."

Eeh. Nendeni sasa.